Maswali ya Wasomaji: Mgongo Uliopinda, ni Mfupa au ni Msuli?

Barua nyingi za mwezi huu zinauliza jambo lilelile: mgongo haukai sawa, je, utanyooka? Kabla ya kujibu moja moja, tuelewane kuhusu umbo lenyewe. Uti wa mgongo ukiutazama kutoka nyuma unatakiwa kuwa wima. Ukiutazama kutoka ubavuni una mabonde na mwinuko: pingili 7 za shingo zimeingia ndani kidogo, 12 za kifuani zimetoka nje, 5 za kiunoni zimeingia ndani tena. Mipindo hiyo ni ya maumbile na ndiyo inayopokea mishtuko tunapotembea, kwa hiyo asitokee mtu akajitesa ili anyooke kama mlingoti. Tatizo ni mpindo uliozidi au uliokwenda upande. Hapo kuna mambo mawili ya kutofautisha: mfupa uliobadilika umbo, na misuli inayovuta bila uwiano. La pili ndilo mazoezi ya nyumbani yanaloweza kulirekebisha.

Shikamoo daktari. Mimi ni fundi cherehani hapa Morogoro, huu mwaka wa 14. Mabega yamejikunja mbele, shingo imetangulia kama ya kobe, na jioni kichwa kinaniuma kisogoni. Nimenunua ule mkanda wa kunyoosha mgongo. Nikiuvaa nanyooka, nikiuvua narudi palepale. Nifanye nini?

Marahaba, fundi. Unarudi palepale kwa sababu mkanda unafanya kazi ambayo misuli yako ilitakiwa kuifanya. Ukitaka uvae dakika 20 kwa siku ukukumbushe mabega yakae wapi, si vibaya. Ukiuvaa kutwa nzima, misuli iliyo dhaifu inabaki dhaifu.

Daktari mmoja wa Kicheki, Vladimir Janda, aliyefariki mwaka 2002, alionyesha kwamba misuli haiharibiki ovyo ovyo. Ipo inayoelekea kukaza na kufupika, na ipo inayoelekea kulegea. Kwa mtu anayeinamia kazi, ukimtazama ubavuni unaweza kuchora msalaba. Mstari mmoja ni wa misuli iliyokaza: ya kifua mbele, na ile ya kisogoni na juu ya mabega nyuma. Mstari wa pili ni wa misuli iliyolegea: ile midogo iliyojificha mbele ya shingo nyuma ya koromeo, na ile iliyo kati na chini ya makombe ya mabega. Ndiyo maana kuambiwa “kaa wima” hakukusaidii. Unakaa wima dakika mbili, kisha kifua kilichofupika kinakurudisha.

Na kichwa cha mtu mzima si chepesi, kina kilo 4 hadi 5. Kikikaa juu ya mabega, mifupa ndiyo inayokibeba. Kikitangulia mbele, misuli ya kisogo inakishikilia muda wote, kama mtu aliyeshika ndoo kwa mkono ulionyooshwa. Tena kila ukiinua macho kumtazama mteja bila kuinua mgongo, mkunjo wote unaangukia pingili mbili za juu kabisa. Maumivu ya kichwa yanayoanzia kisogoni mara nyingi hutoka hapo.

Anza kwa kujipima. Simama umeegemea ukuta, visigino sentimita 5 kutoka ukutani, makalio na mgongo vikigusa. Je, kisogo kinagusa ukuta bila kuinua kidevu? Kama hakigusi, mwenzako apime kwa vidole nafasi iliyobaki, na uiandike. Utapima tena baada ya wiki 6.

Kifua kinyooshe mlangoni. Weka mkono, kuanzia kiwiko hadi kiganja, kwenye mwimo wa mlango, kiwiko kikiwa usawa wa bega. Piga hatua moja mbele hadi nyama ya kifua ivutike, tulia sekunde 30, mara 3 kila upande. Wengi hukosea kwa kusukuma tumbo mbele, basi kiuno kinapinda na kifua hakivutiki. Ukisikia kichomo mbele ya fundo la bega badala ya mvuto kifuani, shusha kiwiko.

Kwa shingo, lala chali kwenye mkeka bila mto. Kama kidevu kinaelekea juu, weka kanga iliyokunjwa chini ya kichwa. Itikia “ndiyo” kidogo sana, kana kwamba kisogo kinateleza kuelekea utosini, bila kukiinua. Shikilia sekunde 5, rudia mara 10, na polepole ufikie sekunde 10. Weka vidole kwenye ile misuli miwili mirefu ya pembeni ya koo. Ikisimama kama kamba umetumia nguvu nyingi mno, na misuli midogo unayoitaka haijafanya kazi. Zoezi hili linaonekana dogo kiasi kwamba watu hulidharau, lakini kwa hali yako tungekuruhusu uache yote mengine kabla ya hili.

Kwa nyuma, kata ukanda wa tyubu ya baiskeli wa kama mita 1.5, ufunge kwenye nguzo kwa urefu wa kifua, shika ncha mbili na uvute viwiko nyuma kando ya mbavu. Mara 12, awamu 3, siku 3 au 4 kwa wiki. Mabega yakipanda kuelekea masikioni, simama na uanze upya, maana hapo unauimarisha msuli uleule uliokwisha kaza. Malizia kwa kulalia taulo lililoviringishwa, unene wa sentimita 8 hivi, likiwa limekingama chini ya makombe, dakika 2 au 3. Lisiwe chini ya kiuno.

Sasa cherehani. Sogeza kigoda mpaka kati ya tumbo na meza ibaki nafasi ya ngumi moja. Kunja kitambaa ukiweke nusu ya nyuma ya kigoda ili kikao kielekee mbele kidogo; kiuno hakitajikunja. Weka taa karibu na sindano. Na kama umepita miaka 40, kapime macho. Uoni wa karibu hupungua kwa umri huo, na mafundi wengi hawainami kwa sababu ya mazoea bali kwa sababu uzi hawauoni. Miwani ya kusomea itakufaa kuliko huo mkanda. Kisha kila dakika 30 simama, hata kwa nusu dakika. Hakuna mkao mzuri kiasi kwamba mwili utauvumilia saa 6 mfululizo.

Ukianza kupata ganzi vidoleni, mkono kukosa nguvu ya kushika mkasi, au miguu kuyumba unapotembea, acha mazoezi uende hospitali. Hapo huenda mshipa wa fahamu unabanwa.

Hujambo daktari? Binti yangu ana miaka 12. Bega la kulia liko juu kuliko la kushoto na sketi ya shule inamkaa upande. Walimu wanasema ni mkoba anaoubeba bega moja. Nimnunulie wa mabega mawili? — Mama, Mombasa

Sijambo, mama. Mkoba mnunulie, utampunguzia maumivu ya bega. Lakini usisubiri mkoba umnyooshe. Mkoba haupindishi mifupa. Kinachotutia wasiwasi katika maelezo yako ni mpindo wa pembeni, ambapo pingili hazielemei upande tu bali pia zinajizungusha, na mbavu zinazunguka pamoja nazo. Kwa watoto wengi wa umri huo chanzo chake hakijulikani. Si wewe uliyembeba vibaya mgongoni, wala yeye kulala vibaya.

Kuna kipimo cha nyumbani kilichoanza na daktari wa upasuaji wa Uingereza, William Adams, mwaka 1865. Mchana, chumba kikiwa na mwanga, binti avue blauzi, asimame miguu pamoja, magoti yamenyooka. Aunganishe viganja na kuinama polepole mbele mpaka mgongo ulale kama meza. Wewe kaa nyuma yake, macho yako yakiwa usawa wa mgongo. Tazama kama upande mmoja wa mbavu au wa kiuno umeinuka kuliko mwingine. Ukiinuka, kuna mzunguko, na huo si wa misuli. Ikiwa akiinama pande zote ziko sawa, mkalishe kwenye kigoda na utazame tena: mabega na kiuno vikisawazika akiwa amekaa, huenda mguu mmoja ni mfupi kidogo na mgongo unafidia tu. Hilo ni jepesi zaidi, hushughulikiwa kwa kuinua soli ya kiatu.

Ukiona mwinuko, mpeleke kwa daktari wa mifupa apigwe eksirei ya uti wote akiwa amesimama. Akiwa amelala, mpindo huonekana mdogo kuliko ulivyo. Mpindo hupimwa kwa digrii, kwa njia aliyoieleza John Cobb wa New York mwaka 1948. Chini ya digrii 10 hauhesabiwi kuwa ugonjwa. Kati ya 10 na 25, mtoto anayekua hufuatiliwa kila miezi 4 hadi 6. Kati ya 25 na 40, kama bado anakua, huvalishwa kifaa kigumu cha kiwiliwili. Ukipita 45 au 50 madaktari huanza kuzungumzia upasuaji.

Kile kifaa kinafanya kazi, na tunalisema kwa mkazo kwa sababu wazazi wengi hukikataa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2013, uliofanyika Marekani na Kanada, ulionyesha kuwa asilimia 72 ya waliokivaa hawakufika kiwango cha upasuaji, dhidi ya asilimia 48 ya waliofuatiliwa tu. Waliokivaa saa 13 au zaidi kwa siku walifika asilimia 90. Kikivaliwa usiku na kuvuliwa mchana kutwa kwa kuona haya, faida hiyo inapungua.

Muda ndio mgumu hapa. Mpindo huongezeka kwa kasi pale mtoto anaporefuka kwa kasi, na kwa wasichana hilo huanza kabla ya kuvunja ungo. Kama binti bado hajavunja ungo, nenda mwezi huu. Mazoezi maalumu yapo, hasa yale yaliyoanzishwa na Katharina Schroth huko Ujerumani, lakini yafundishwe na mtaalamu aliyejifunza, kwa kuwa kila mpindo una upande wake wa kuvutwa. Tunakuomba usimpeleke kukandwa wala kuvutwa na mtu yeyote ili “mgongo urudi”. Kukanda hulegeza misuli. Pingili zilizozunguka hazirudi kwa mikono.

Akiwa na maumivu yanayomwamsha usiku, au mguu mmoja kukosa nguvu, mwambie daktari siku hiyohiyo ya kwanza. Mpindo wa kawaida wa umri huu hauleti hayo.

Nina miaka 29, watoto wawili, nafanya kazi ya ofisini Dodoma. Kiuno kimebonyea ndani, tumbo limetoka, na nikisimama kwenye foleni kiuno kinawaka moto. Kila asubuhi napiga “siti-apu” 100. Tumbo liko palepale na kiuno kinazidi. Nakosea wapi?

Unakosea zoezi lenyewe, dada. Kuna msuli mrefu unaotoka kwenye pingili za kiuno, unapita ndani ya nyonga na kushika paja. Kazi yake ni kukunja nyonga. Mtu anayekaa saa 8 kwa siku msuli huo unafupika, na akisimama unazivuta pingili za kiuno mbele. Siti-apu za kuinuka hadi kukaa, hasa miguu ikiwa imeshikwa, zinafanywa zaidi na msuli huohuo kuliko na tumbo. Kila siku unaukaza mara 100 msuli unaokuumiza.

Kwanza hakikisha tatizo lipo. Wengi hupima kwa kupitisha ngumi kati ya kiuno na ukuta, lakini mwanamke mwenye makalio yaliyojaa kipimo hicho humdanganya. Nyama ya makalio inasogeza mwili mbele, na kiuno kinaonekana kimebonyea kuliko mfupa ulivyo. Makalio makubwa si kasoro ya mgongo. Pima hivi: kaa ukingoni mwa meza imara, si godoro laini, lala chali, kumbatia goti moja kifuani na uache mguu wa pili uning'inie. Paja la mguu unaoning'inia likibaki limeinuka juu ya meza, msuli wa nyonga ni mfupi. Paja likilala lakini goti likagoma kukunjika, uliokaza ni msuli wa mbele ya paja.

Kuunyoosha, piga goti moja juu ya mto, mguu mwingine mbele. Kabla ya kusogea popote, kaza kalio la upande wa goti lililo chini na ukunje nyonga kama mbwa anayefyata mkia. Sasa sogea mbele sentimita chache tu. Mvuto uusikie mbele ya kinena. Sekunde 30 hadi 45, mara 3 kila upande. Wanaosogea mbele sana bila kufyata wanapindisha kiuno tu, na asubuhi wanaamka kikiwauma.

Makalio yako nayo yamesahau kazi. Lala chali, magoti yamekunjwa, visigino karibu na makalio. Kaza makalio kwanza, ndipo uinue, mpaka mabega, nyonga na magoti viwe mstari mmoja. Sekunde 3, mara 12, awamu 3. Ukisikia kazi kiunoni umeinua mno. Ukishikwa na mkazo nyuma ya paja, visigino viko mbali mno.

Na tumbo: chali, mapaja wima, magoti yamekunjwa angani, kiuno kikigusa mkeka. Shusha kisigino kimoja polepole kiguse chini, urudishe, ubadilishe. Mara 8 kila mguu. Kiuno kikianza kuachana na mkeka, hapo ndipo mwisho wako wa leo, hata kama kisigino hakijafika chini. Kwa kuwa umezaa, kagua pia mstari wa katikati ya tumbo: inua kichwa kidogo ukiwa chali, bonyeza vidole juu na chini ya kitovu. Vikizama zaidi ya viwili kwa upana, misuli bado imeachana, na mtaalamu wa fiziotherapia akuone kabla hujaongeza uzito wa mazoezi.

Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha nne, miaka 17. Wenzangu wananiita kibiongo. Je, nikifanya mazoezi kitaisha?

Pole, mdogo wetu. Lala kifudifudi sakafuni, mikono kando, umwombe mtu akutazame. Kisha jaribu kuinua kifua kidogo. Nundu likitoweka au kupungua sana, ni la misuli na mkao, na mazoezi tuliyompa fundi cherehani hapo juu yanakufaa. Jipe miezi 3. Likibaki vilevile, gumu, pingili zenyewe zimebadilika umbo.

Kwa vijana wa umri wako, hali hiyo mara nyingi ni ile iliyoelezwa na Mdenmaki Holger Scheuermann mwanzoni mwa miaka ya 1920. Pingili zisizopungua 3 zinazofuatana zinakua zikiwa nyembamba mbele, kama kabari. Nundu lake ni la mviringo mpana. Mazoezi ya kunyoosha misuli ya nyuma ya paja na kuimarisha mgongo hupunguza maumivu, na kama bado unakua, kifaa cha kuvaa kinaweza kusaidia. Kwa hiyo eksirei ipigwe mapema.

Kuna nundu la aina nyingine ambalo hatutaki ukae nalo hata wiki: lililochongoka, mahali pamoja, linalouma ukiligonga kwa kidole, pamoja na homa za jioni, jasho la usiku au kukonda. Hicho kinaweza kuwa kifua kikuu cha uti wa mgongo, ambacho Percivall Pott alikieleza London mwaka 1779 na ambacho bado kipo sana kwetu. Kikohozi kinaweza kisiwepo kabisa. Kinatibika kwa dawa, kwa kawaida mwaka mzima, na dawa hizo hutolewa bure katika vituo vya serikali. Kikicheleweshwa kinabana uti wa fahamu na miguu inapooza. Ukiona dalili hizo, usifanye zoezi lolote la kunyoosha mgongo kabla ya kupimwa.

Bibi yangu ana miaka 71. Amefupika, na mgongo unazidi kuinama kila mwaka. Tumfundishe mazoezi ya kukunja mgongo ili ulainike?

Hapana, tafadhali. Kufupika kwa zaidi ya sentimita 4 tangu ujana wake kunaashiria kuwa pingili zimebonyea kwa mifupa kupungua ugumu. Hilo hutokea hata bila kuanguka, na mara nyingine bila maumivu makali. Kuinama mbele kunaelemeza sehemu ya mbele ya pingili, palepale panapovunjika. Asifanye siti-apu, asiguse vidole vya miguu, asiinue ndoo kutoka chini. Akae kwenye kiti chenye egemeo, abane makombe nyuma taratibu kwa sekunde 5, mara 10, asubuhi na jioni, na asimame na kukaa mara 8 hadi 10 akiwa karibu na meza ya kushika. Tembeeni naye. Halafu apelekwe hospitali: dawa za kuimarisha mifupa zipo, na maumivu mapya ya ghafla mgongoni kwa mtu wa umri wake huchukuliwa kuwa pingili imevunjika mpaka picha ionyeshe vinginevyo. Mfikishie shikamoo zetu.

Je, kubeba maji kichwani kunapindisha shingo?

Mzigo uliokaa katikati ya kichwa haupindishi, maana shingo lazima iwe wima ili ndoo isianguke. Lakini ndoo ya lita 20 ni kilo 20 zinazobonyeza diski za shingo, mara nne au zaidi ya uzito wa kichwa chenyewe, na mtu anayefanya safari 6 kwa siku atazisikia. Madhara mengi zaidi huja wakati wa kutwika na kutua, pale shingo inapojizungusha chini ya uzito. Mwenzako akutwike, wewe ukiwa umechuchumaa na mgongo wima. Mtoto wa shule abebe dumu la lita 5, na mwenye maumivu ya shingo yanayoshuka mkononi asibebe kichwani kabisa.